Mimea Tusiyoila: Kuchuma, Kukata na Kung'oa



Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo, katika kikao cha vijana hapa Voi baada ya sala ya alasiri, ile saa ambayo tumbo linanguruma na kila mtu anaangalia saa ya ukutani kila dakika mbili. Wahariri wakaniomba niyaandike ili na wale ambao hawakufika wayapate. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Ukiona nimeruka huku na kule, niwie radhi, ndivyo nilivyozungumza.

Nilianza na swali, na wewe nakuuliza swali hilo hilo. Tangu ulipomaliza daku mpaka sasa hujala kitu. Je, tangu asubuhi umegusa mimea mingapi?

Vijana walicheka. Mmoja akasema, "Hakuna, tumefunga!" Nikamwambia hesabu vizuri. Umeamka ukapiga mswaki. Umesali juu ya mkeka. Mama amekutuma sokoni na kikapu. Umebeba gunia la makaa ukalitua jikoni. Dada yako ana hina mikononi tangu juzi. Na jana baada ya tarawehe kuna mtu alifukiza ubani, nyumba nzima ikanukia. Vyote hivyo ni mimea, na hakuna hata mmoja uliopita kooni. Sisi tukisikia neno mmea akili inakimbilia sukuma wiki na mahindi, na huu mwezi ndio kabisa, mtu akiona jani anaona kachumbari. Kumbe mchana wa Ramadhan ndio wakati mzuri wa kuiona ile mimea mingine, kwa sababu ile ya kuliwa tumeiweka kando.

Mimi ni mtoto wa madrasa hapa hapa Voi, na sasa niko chuo kikuu, nasomea mambo ya misitu. Watu wakisikia hivyo huniuliza, "Utakuwa askari wa msitu?" Sijui bado. Lakini somo la kwanza la misitu sikulipata chuoni. Nililipata kwa ustadhi wetu nikiwa na miaka kama minane.

Ustadhi alikuwa akitupeleka siku za mapumziko kandokando ya Mto Voi kutafuta miswaki. Nazungumzia mswaki wenyewe, mti, ule ambao wanasayansi wanauita Salvadora persica na Waarabu wanauita araki. Hupenda nchi kavu kama yetu, hasa palipo na maji chini ya ardhi, na haujali udongo wa chumvi. Ukitafuna kijiti chake unasikia ukali fulani kama haradali. Siku moja mwenzetu, kwa tamaa ya kupata mzizi ulio laini, aling'oa mche mzima. Ustadhi hakumchapa. Alimwambia aushike mkononi njia yote mpaka madrasa, na tulipofika akamwambia, "Haya, urudishe sasa." Kijana akaupanda pale uani. Ukafa baada ya siku chache. Kila tulipopita tuliuona umesimama, mkavu, na ustadhi alikataza mtu yeyote kuuondoa.

Baada ya hapo akatufundisha maneno matatu ambayo mpaka leo nayatumia kuliko mengi niliyoyasoma kwenye vitabu vya Kiingereza. Alisema mmea una watu wa aina tatu: kuna anayechuma, kuna anayekata, na kuna anayeng'oa. Anayechuma, mmea haujui kama amepita. Anayekata, mmea unajua lakini unamsamehe. Anayeng'oa, hakuna wa kumsamehe, kwa kuwa mwenyewe hayupo tena.

Basi nikushike mkono tupite kwa njia hiyo hiyo, lakini sitagawanya sawasawa, kwa sababu mambo yenyewe hayako sawasawa.

Kuchuma ni kwepesi. Hina ni majani, yanachumwa, yanakaushwa, yanatwangwa, na mti unachipua tena. Mwarobaini ulikuja kwetu kutoka Bara Hindi na sasa umezagaa kila uani kama mwenyeji. Mbali na dawa wanazotengeneza watu, nyanya yangu hutia majani yake makavu ndani ya maharagwe na mahindi ili wadudu wasiingie. Na wako wanaochuma kwa ajili ya macho tu. Kule juu katika msitu wa Mbololo kuna kijua kidogo cha zambarau, Saintpaulia teitensis, ambacho kiasili hakimei mahali pengine popote duniani ila hapo. Ndugu zake walipatikana milima ya Usambara mwaka 1892 na Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, akapeleka kwao, na leo ua la jamii hiyo linakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Bibi wa Kizungu anamwagilia ua lake kila asubuhi wala hajui kwamba lina binamu Taita. Na sisi wa Taita Taveta, wangapi tumewahi kuliona hilo la kwetu? Mimi mwenyewe nimeliona mara moja tu.

Kukata ndiko kwenye maneno mengi, na hapa lazima nisimame kwa mkonge.

Ukipita barabara ya Voi kwenda Taveta, ukifika Mwatate, utaona mistari ya mkonge mpaka macho yachoke. Hilo ni miongoni mwa mashamba makubwa kabisa ya mkonge Afrika Mashariki. Hapa Voi pia upo, na Taveta ulilimwa na yule Mwingereza Ewart Grogan, mwenye ile nyumba ya kilimani ambayo watu wanaiita kasri. Lakini mkonge huu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ipelekwe Tanga. Iliyofika hai na kushika ni 62. Kutoka kwenye miche hiyo 62 mkonge ukaenea Tanganyika, ukavuka mpaka ukaingia Kenya.

Sasa sikiliza jambo hili ambalo mimi lilinifurahisha. Neno "mkonge" lilikuwepo katika Kiswahili kabla ya hapo. Lilikuwa jina la mmea mwingine, wa porini, wenye majani marefu kama mapanga, ambao mpaka leo umejaa Tsavo chini ya vichaka. Wazee walitoa nyuzi zake wakasokota kamba na kutega mitego. Mgeni kutoka Mexico alipofika akapewa jina la mwenyeji, na mwenyeji akabaki kuitwa mkonge pori. Ndivyo ilivyokuwa kwa mswaki pia: kile kitu cha plastiki unachonunua dukani kimerithi jina la mti, na mtoto wa leo ukimwambia mswaki ni mti atakukodolea macho. Vitu vinakwenda, majina yanabaki.

Kwa nini nasema mkonge ni kukata na si kung'oa? Kwa sababu mkataji huchukua majani ya chini na kuacha ya juu, mwaka baada ya mwaka, kama miaka saba hadi kumi au zaidi, mpaka mmea utoe mlingoti wake mrefu, uzae vimche juu yake na ufe wenyewe kwa ajali yake. Hata ule mlingoti hautupwi, watu wanaezekea nyumba na kutengeneza ngazi. Majani yanapelekwa kwenye mashine, yanapondwa na kukwanguliwa, nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa juani, zinasuguliwa na kufungwa robota. Katika kilo 100 za majani unapata kilo kama 4 tu za katani. Zinazobaki ni maji yanayowasha ngozi na makapi. Tanga, pale Hale, walianza mwaka 2008 kutumia makapi hayo kutoa gesi ya kuzalisha umeme. Na ukiona Waingereza wanarusha vile vishale kwenye ubao wa duara, ujue ubao wenyewe ni nyuzi za mkonge zilizobanwa, na mkonge wa Afrika Mashariki unasifika kwa kazi hiyo.

Lakini mashine sikukua nayo. Nilikua na nyanya. Nyanya anatoa katani kwa mkono: anapasua jani, analibana baina ya kisu butu na ubao, anavuta. Maji yanaruka, anajikuna, anacheka. Halafu anakaa kizingitini, anasokota nyuzi mbili mbili juu ya paja lake mpaka paja likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Rangi anapika kwa magome na mizizi anayoijua yeye. Kikapu kimoja kizuri kinaweza kumchukua wiki mbili au tatu, kwa sababu katikati kuna kupika, kuna kwenda mtoni, kuna mgonjwa wa kumtazama. Na kabla ya mkonge huu kuwa mwingi, mama yake alitumia nyuzi za gome la mbuyu. Mbuyu nao ni ajabu ya Mwenyezi Mungu. Mti mwingi ukiubandua gome kuzunguka unakufa. Mbuyu unajivisha gome jipya. Nenda Maungu au Kasigau utazame, utaona makovu ya watu waliokwisha kuzikwa zamani, na mti bado uko. Kwa mti, gome ni nguo, na wazee walijua nani wa kumvua nguo na nani si wa kumvua.

Kikapu kilipoteza heshima katika miaka ya plastiki. Katani yenyewe ilianguka bei kuanzia miaka ya 1960 kamba za nailoni na plastiki zilipoenea, na mashamba mengi yalifungwa. Halafu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na kina mama wakarudi kwenye vikapu. Nyanya alisema, "Serikali imekumbuka." Lakini faida haikuja yote mlangoni kwake. Anakuja mtu na pikipiki, anakusanya vikapu kijiji kizima, analipa pesa ya kilo chache za sukari kwa kazi ya wiki tatu, na baadaye unakiona kikapu kile kile mjini kwa bei ambayo nyanya akiisikia anaona tunamtania. Huyo wa pikipiki simtaji, wala si mmoja.

Nimekaa sana hapo. Twende kwenye kung'oa.

Kuna mti unaitwa msandali. Si mrefu, ni kama kichaka kikubwa, unamea katika milima na miinuko mikavu ya Kenya, na kwetu Taita Taveta umo. Mafuta yake yanaingia kwenye manukato. Bahati yake mbaya ni kwamba mafuta yako kwenye moyo wa mti na hasa kwenye mizizi. Kwa hivyo anayeutaka hakati tawi. Anachimba, anang'oa wote na shina lake. Zaidi ya hapo, misandali ina mume na jike, na wachimbaji wanapendelea jike kwa kuwa mafuta yake ni mengi. Sasa piga hesabu mwenyewe: ukimaliza majike, mbegu itatoka wapi? Na kuupanda si rahisi, maana mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya miti mingine ikinyonya sehemu ya chakula huko. Mwaka 2007 Rais Kibaki alipiga marufuku kuuvuna. Mwaka 2013 nchi za dunia zikauingiza kwenye orodha ya mkataba wa CITES ili biashara yake ya kimataifa idhibitiwe. Na bado malori yamekuwa yakikamatwa kwenye barabara hizi hizi zetu, magogo yamefunikwa kwa magunia.

Utasema, hayo ni ya majambazi, mimi yananihusu nini? Ni kweli, wengi wetu hatujawahi kuushika msandali. Lakini sisi ni watu wa manukato. Mama zetu wanajua liwa, ile inayosagwa juu ya jiwe kwa marashi kutokana na mti wenye harufu ya sandali, akapakwa bi harusi. Vijana tunanunua vichupa vya mafuta vilivyoandikwa sandali tukaenda navyo Ijumaa. Mimi ninacho kimoja. Sikuwahi kumuuliza muuzaji kimetoka mti gani na nchi gani. Nilipoanza kuandika haya nikamuuliza. Akaniambia, "Kimetoka Eastleigh."

Jambo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza, hata hivyo, si msandali. Ni makaa. Na hapa, ndugu msomaji, naomba univumilie, kwa sababu si rahisi.

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye tanuri la makaa. Mjomba wangu ndiye aliyeilipa. Hakuwa na shamba la maana, na ukiijua kaunti yetu utaelewa kwa nini: zaidi ya asilimia 60 ya Taita Taveta ni mbuga ya Tsavo, halafu kuna mashamba ya mkonge, halafu ranchi, na kinachobaki ndipo watu wanabanana, na huko nako ndovu wanaingia usiku wanamaliza mahindi. Mjomba alipanda mahindi misimu mitatu. Mmoja jua, mmoja ndovu, mmoja alivuna debe kadhaa. Akachukua shoka.

Nilikwenda naye likizo moja. Anakata migunga na miti mingine migumu, ile laini ya jamii ya manemane anaiacha kwa kuwa haina makaa. Anapanga magogo, anayafunika kwa nyasi na udongo, anaacha matundu, anatia moto. Kisha halali. Siku kadhaa anazunguka lile tanuri usiku na mchana, kwa sababu likipasuka mahali hewa ikaingia nyingi, kila kitu kinakuwa majivu na jasho lote limepotea. Anasoma moshi: ukiwa mweupe mzito bado maji yanatoka, ukianza kuwa mwepesi wa buluu karibu umeiva. Ni elimu, usidharau. Lakini chuoni nilifundishwa upande wa pili. Tanuri la udongo la namna ile, katika kilo 100 za mti linakupa makaa kilo 10 mpaka 20. Gunia la kilo 40 basi limekula kilo 200 hadi 400 za mti. Na mgunga katika nchi kame hauoti kwa haraka. Mti uliolipa muhula wangu mmoja pengine ulikuwa mkubwa kuliko nyanya.

Usidhani sheria haipo. Kanuni za makaa zilitungwa mwaka 2009, zikitaka kibali cha kuchoma na cha kusafirisha. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na makaa yakapanda bei nchi nzima. Mjomba aliniambia kilichobadilika kwake: alikata usiku badala ya mchana.

Tena ziko njia zilizokwisha kujaribiwa hapa kwetu. Upande wa Kasigau na Rukinga, mradi wa Wildlife Works ulikuwa wa kwanza duniani, mwaka 2011, kupata vile vyeti vya hewa ya kaboni kwa ajili ya kulinda msitu chini ya utaratibu wa kimataifa unaoitwa REDD+. Yaani makampuni ya mbali yanalipa ili vichaka vyetu visikatwe, na pesa zinaingia kwa ranchi, maji, na karo za wanafunzi. Kuhusu mgao watu wanabishana mpaka leo, na waache wabishane, ni haki yao. Lakini miti imesimama. Na zamani zaidi, Wataita walikuwa na vichaka vyao vya mila walivyoviita fighi, hakuna aliyethubutu kukata hata fimbo humo. Sisi hatuifuati itikadi hiyo, tunajua tunamuabudu nani. Lakini huwezi kukataa kwamba mahali ambapo mtu aliogopa, mti ulibaki, na sisi ambao tumefundishwa kwamba ardhi ni amana na kwamba tutaulizwa, mahali petu pengine hapana hata kivuli cha kufungia mbuzi.

Sasa hili ndilo nililolisema mbele ya vijana, na baadhi hawakulipenda. Mwaka jana, kwa ile futari ya pamoja ya mwezi mzima, sisi wenyewe tulinunua makaa gunia baada ya gunia. Mwaka huu tumeanza tena. Pilau, uji, maharagwe, chai, yote juu ya makaa. Tunatangaza jina la aliyetoa mchele, tunamuombea aliyetoa tende, lakini kuhusu makaa hakuna aliyeuliza yametoka wapi, yamekatwa kwa ruhusa ya nani, kwenye shamba la nani. Mchele tukiambiwa ni wa wizi hatuugusi. Kwa nini gunia jeusi halina swali? Je, ni kwa sababu hatuli makaa?

Kukawa kimya. Kisha dada mmoja akainua mkono: "Kaka, hayo tumeyasikia. Leo saa kumi na mbili na nusu watu mia wanataka uji. Tutapika na nini?"

Swali la haki. Nilimjibu nilichokuwa nacho. Kwanza, majiko yetu yale makubwa ya bati tupu yanakula makaa bure. Jiko lenye udongo ndani, lile la Kenya lililoenea tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi au zaidi, na mafundi wapo wa kututengenezea makubwa. Pili, kama ni makaa, uko mti ambao watu wanakuomba uukate: mathenge. Uliletwa Baringo na Tana River miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukageuka wenyewe kuwa balaa, unaziba malisho na kutoboa kwato za mbuzi, na ukiukata unachipua kwa hasira. Makaa yake ni mazuri. Tatu, gesi kwa chai na uji, ambavyo vinataka moto wa dakika chache. Mhasibu wetu akasema gesi ni ghali. Tukapiga hesabu papo hapo nyuma ya karatasi ya ratiba ya sala, na ikaonekana kwa chai na uji tofauti si kubwa tulivyodhani. Kwa pilau ni kubwa. Pilau imebaki kwenye makaa, ya mathenge tukiyapata.

Kuna kijana aliuliza pia kuhusu kupiga mswaki wakati umefunga. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni karaha baada ya jua kupinduka, na wanazuoni wengine wameruhusu siku nzima. Zaidi ya hapo nawaachia masheikh. Nilimwongezea tu kwamba hata Shirika la Afya Duniani liliuhimiza mswaki wa mti tangu miaka ya 1980, mahali ambapo watu wameuzoea. Na akate kijiti, asing'oe mzizi.

Mjomba nilimsomea karatasi hii kabla sijaipeleka kwa wahariri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na mdogo wako aliye kidato cha pili?" Sikuwa na jibu zuri. Nimemuunganisha na mtu anayetafuta wakataji wa mathenge, safari ni mbali na malipo ni kidogo, amesema atafikiria. Shoka lake bado liko nyuma ya mlango. Nimeliandika hili kwa idhini yake, amesema bora niseme mimi kuliko waseme jirani.

Jambo moja tulilokubaliana wote bila ubishi ni la Iddi. Kila mwaka zaka ya fitri tunaigawa kwa familia kwenye magunia ya plastiki ambayo siku ya pili yanapeperuka mpaka kwenye ua wa reli. Safari hii tumeagiza vikapu 40 kwa kina mama wenyewe, bila mtu wa pikipiki, na familia itabaki na kikapu. Nilitumwa kwa nyanya kupeleka habari, nikiwa na furaha kama niliyebeba zawadi. Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya Iddi, kwamba ni jambo la kheri, kwamba thawabu zake ni kubwa. Aliendelea kusokota juu ya paja bila kuinua macho. Kisha akasema, "Mwambie mwenyekiti wako nusu ya pesa nataka kabla ya kuanza. Na vikapu 40 kwa Iddi hii havitoshi siku, mngekuja tangu Rajabu. Nitawapa 12, na wenzangu waulizeni wenyewe."